Chunusi za mwanao si uchafu, na krimu ya kikopo si dawa

Dar es Salaam. Shule zilipofungwa Juni, mtoto wa dada yangu alirudi nyumbani akiwa amevaa barakoa. Tulidhani ana mafua. Siku ya pili alikuwa bado nayo, siku ya tatu akaanza kula chumbani peke yake, na Jumamosi, wakati nyumba nzima ikijiandaa kwenda kwenye sherehe ya kumuaga binamu yake anayeolewa, akasema tumbo linamuuma.

Ana miaka 15, yuko kidato cha pili shule ya bweni. Ananiita mama mdogo, na kwa kawaida ndiye anayeongoza kwa kelele kwenye picha za familia. Safari hii hakutokea kwenye picha hata moja.

Jibu lilipatikana kwenye begi la shule. Dada yangu alipokuwa akitoa sare za kufua alikutana na kikopo kidogo cha plastiki, cheupe, kisicho na karatasi wala jina. Ndani kulikuwa na krimu iliyobaki nusu, yenye harufu ya marashi makali. Akanipigia simu: “Si wewe unaandika mambo ya afya? Njoo uone hiki kitu.”

Nilipofika alikubali kuvua barakoa. Mashavu yalikuwa meupe kuliko shingo, ngozi inang’aa kama iliyovutwa, na kuanzia kidevuni hadi kwenye paji la uso kulikuwa na vipele vidogo vinavyofanana, kana kwamba vimepandwa siku moja. Aliniambia alianza na chunusi chache tu kwenye paji. Rafiki yake bwenini akamwambia kuna dada anauza krimu ya kuziondoa kwa wiki moja. Na kweli, wiki ya kwanza zilipungua. Aliitumia kwa wiki sita.

Nimeandika habari za malaria, za bima na za upungufu wa damu kwa wajawazito, lakini sikuwahi kuandika kuhusu chunusi. Niliziona kama jambo dogo la ujana. Nilisahau kwamba mimi mwenyewe, nikiwa na miaka 14 shuleni Morogoro, nilikuwa nikichagua kiti cha dirishani ili upande wangu wa kushoto usionekane na darasa.

Kinachotokea chini ya ngozi

Wakubwa waliokulia kandokando ya mito wanalijua jina chunusi kwa maana nyingine, ya jini anayevuta watu majini. Bibi yangu alilitumia kututisha tusiende kuogelea. Hii tunayoizungumzia haina ujini wowote, na mtoto akieleweshwa inavyotokea, nusu ya aibu huondoka.

Kila kinyweleo cha usoni kimetoka kwenye kitundu, na pembeni ya kitundu hicho kuna tezi ndogo inayotengeneza mafuta ya kulainisha ngozi. Usoni, kifuani na mgongoni tezi hizi ni nyingi na kubwa, ndiyo maana chunusi hupenda maeneo hayo. Viganja na nyayo hazina tezi hizo kabisa, na hujawahi kuona chunusi kiganjani.

Mtoto anapobalehe, mwili huongeza homoni zinazoitwa androjeni. Wengi wanazijua kama homoni za kiume, lakini wasichana pia wanazo. Kazi yake mojawapo ni kuzikuza tezi za mafuta. Mafuta yanaongezeka, na wakati huohuo seli zilizokufa ndani ya kitundu, ambazo kwa kawaida hutoka zenyewe, zinaanza kushikana na kuziba mlango. Mafuta yanarundikana nyuma ya kizibo.

Kizibo kikiwa kimefunikwa na ngozi kinaonekana kama kipele kidogo cheupe. Kikiwa wazi kinaonekana kama kidoti cheusi. Hapa ndipo wazazi wengi tunapokosea, kwa sababu tunaona weusi na kusema “mtoto haogi.” Weusi ule si vumbi wala taka. Ni rangi ya asili ya ngozi na mafuta vilivyokutana na hewa vikabadilika. Unaweza kusugua kwa dodoki mpaka ngozi ichubuke na vidoti vikabaki palepale.

Ndani ya kitundu kilichoziba kuna bakteria wanaoishi kwenye ngozi ya kila mtu, mimi na wewe, bila ugomvi. Wakipata mafuta mengi na mahali pasipo na hewa, wanaongezeka. Kinga ya mwili inakuja kupambana, na vita hiyo ndiyo uvimbe, maumivu na usaha tunaouona. Kitundu kikipasuka kwa ndani, uvimbe unazama chini na kuwa bonge gumu linalouma hata kwa kuguswa na shuka. Mabonge ya namna hiyo ndiyo yanayoacha makovu.

Kwa hiyo chunusi haziambukizi. Mtoto hawezi kuzipata kwa kutumia taulo la mwenzake, ingawa kila mtu kuwa na taulo lake ni jambo jema kwa sababu nyingine. Na wala si ugonjwa wa watu wachache. Zaidi ya vijana 8 kati ya 10 wenye umri wa miaka 12 hadi 24 hupata chunusi kwa kiwango fulani. Wengine ni chache za kupita. Wengine, kama nilivyokuwa mimi, ni miaka mitano mfululizo.

Urithi una nguvu kubwa hapa. Kama wewe mzazi ulikuwa nazo nyingi, au mwenzako alikuwa nazo, usishangae zikihamia kwa mtoto. Dada yangu nilipomuuliza kuhusu shemeji alicheka kwanza, kisha akaenda kutafuta albamu ya picha za chuo.

Karanga, chipsi na maneno ya watu

Nilipokuwa na miaka 14 niliacha karanga kwa mwaka mzima kwa sababu mwalimu wa zamu alisema ndizo zinazonitoa chunusi. Hakuna kilichobadilika isipokuwa hamu yangu ya karanga. Jirani mmoja alimwambia mama, mbele yangu, kwamba ni ujana tu, nikiolewa zitaisha. Nina miaka 28, sijaolewa, na ziliisha zenyewe nikiwa mwaka wa pili chuo kikuu.

Kuhusu chakula, yanayojulikana ni machache kuliko yanayosemwa. Tafiti zimeonyesha uhusiano kati ya chunusi na vyakula vinavyopandisha sukari ya damu kwa haraka, kama soda, juisi za viwandani, keki, na mikate myeupe inayoliwa kwa wingi. Kwa baadhi ya watu maziwa pia yamehusishwa. Sukari ikipanda haraka mwili hutoa insulini nyingi, na insulini nayo huchochea homoni zinazoongeza mafuta ya ngozi. Ushahidi dhidi ya karanga, mayai na vyakula vya kukaanga ni dhaifu. Chokoleti bado ina ubishi. Kumpunguzia mtoto soda ni uamuzi mzuri kwa meno na uzito wake hata kama chunusi hazitasikia. Kumnyima mayai, ambayo kwa familia nyingi ndiyo protini ya bei nafuu, ni kumwonea.

Kinachosahaulika ni mafuta ya nywele. Angalia chunusi za mwanao zilipo. Kama zimejipanga juu ya paji la uso, pembeni ya nywele na kwenye mapanja, chunguza anachopaka kichwani. Mafuta mazito ya kusukia na jeli za kulaza nywele hushuka usoni kwa jasho la mchana, na usiku hubaki kwenye mto. Binti akipaka mafuta kwenye ngozi ya kichwa kwa kiasi, akafunga kitambaa kinachoanzia nyuma ya mstari wa nywele, na foronya ikabadilishwa kila wiki, wakati mwingine hilo peke yake linatosha kuleta tofauti.

Wavulana nao wana yao. Kofia inayobana, helmeti ya bodaboda inayovaliwa na watu kumi kwa siku, jezi iliyolowa jasho inayokaa mwilini hadi jioni, vyote hivyo husugua na kuziba ngozi. Lakini vile vipele vigumu vya kisogoni na chini ya kidevu baada ya kunyoa mara nyingi si chunusi. Ni vinyweleo vilivyojikunja na kuchoma ngozi, na tiba yake ni tofauti.

Zipo pia dawa zinazoweza kuleta vipele vinavyofanana na chunusi. Mojawapo ni isoniazidi inayotumika kwa kifua kikuu, nyingine ni baadhi ya dawa za kifafa. Kwa baadhi ya wanawake, sindano ya uzazi wa mpango hufanya hivyo pia. Hakuna anayepaswa kuacha dawa hizo kwa sababu ya uso. Kuacha dawa ya kifua kikuu kunaua. Mtu anapaswa kurudi kwa aliyemwandikia na kumweleza.

Doa linalobaki nyuma

Ukimuuliza kijana mwenye ngozi nyeusi kinachomuumiza zaidi, wengi hawatakutajia chunusi yenyewe. Watakutajia doa.

Ngozi yetu ina seli zinazotengeneza rangi, na seli hizo ni wepesi wa kukasirika. Zikiguswa na uvimbe, jeraha au kuungua, zinamwaga rangi nyingi mahali pale. Chunusi inapona ndani ya wiki moja, doa linabaki miezi, pengine mwaka na zaidi. Wanaotengeneza matangazo ya krimu wanalijua hili vizuri kuliko sisi wazazi, ndiyo maana biashara yao kubwa iko kwenye madoa.

Doa si kovu. Doa ni rangi tu, ngozi yake ni tambarare ukiipapasa, na likiachwa litafifia, ingawa kwa mwendo wake. Kovu ni umbo lililobadilika, shimo au kinundu, na haliondoki kwa krimu. Kuna pia makovu yanayoendelea kukua na kuvuka mpaka wa jeraha, hasa kifuani, mabegani na kwenye taya. Kama katika ukoo wenu yupo mtu ambaye kutoboa masikio kulimletea kinundu kikubwa, chunusi za mtoto wako zipelekwe kwa mtaalamu mapema, msisubiri.

Kukamua ndiko kunakoongeza vyote viwili. Najua raha yake, na wala sitajifanya mtakatifu. Kioo cha bafuni shuleni kwetu kilikuwa na foleni. Lakini unapobana chunusi kwa kucha, sehemu ya usaha inatoka na sehemu inasukumwa ndani zaidi, kitundu kinapasukia chini, na kilichokuwa kipele cha siku tano kinakuwa bonge la wiki tatu na doa la mwaka.

Jua nalo hukoleza madoa. Kofia pana na kivuli havina gharama. Losheni ya kuzuia miale ya jua husaidia, na hapa nchini hutengenezwa losheni iitwayo KiliSun kwa ajili ya watu wenye ualbino, ambao kwao kinga hiyo ni suala la uhai kwa sababu ya saratani ya ngozi. Kwa mwenye chunusi, achague ile nyepesi isiyo na mafuta mengi.

Kilichokuwa ndani ya kikopo

Tulikwenda naye hospitali Jumatatu. Daktari wa ngozi alimwangalia usoni, akaomba kuona kikopo, akakinusa na kukirudisha mezani. Hakuhitaji maelezo mengi. Alisema anaona watoto wa namna hiyo kila mara shule zinapofungwa.

Krimu nyingi za aina hii, mkorogo kwa jina la mtaani, huchanganywa na steroidi kali, zile ambazo hospitalini hutolewa kwa muda mfupi kwa magonjwa kama pumu ya ngozi. Steroidi huzima uvimbe haraka, na ndiyo siri ya “wiki moja tu.” Wekundu unaondoka, maumivu yanaondoka, rafiki bwenini anaonekana mkweli. Huku chini, ngozi inaanza kuwa nyembamba, mishipa midogo inaonekana, vinyweleo vinaota mashavuni, na kinga ya ngozi inalala. Kisha vinatokea vipele vipya, vidogo, vinavyofanana. Ni chunusi zinazoletwa na steroidi yenyewe. Mtoto akiacha kupaka, uso unawaka moto na kuvimba kuliko mwanzo, hivyo anarudi kwenye kikopo. Anadhani inamtibu, kumbe sasa ndiyo inayomtesa.

Mchanganyiko huo unaweza pia kuwa na haidrokwinoni, inayofubaza rangi ya ngozi na ikitumika muda mrefu huweza kuacha madoa ya rangi ya bluu na kijivu yasiyotoka, au zebaki, ambayo hupenya ngozi na kuharibu figo na mishipa ya fahamu. Zebaki haibaki kwa anayejipaka peke yake. Mama anayejipaka akimlaza mtoto shavuni, mtoto naye anapata.

Tanzania imepiga marufuku vipodozi vyenye viambato hivi. Tangu 2019 udhibiti wa vipodozi uko chini ya Shirika la Viwango Tanzania (TBS), baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA. Lakini mkaguzi hawezi kusoma kikopo kisichoandikwa, na muuzaji wa bwenini hana duka la kukaguliwa. Mkaguzi wa kwanza ni mzazi anayefungua begi. Kipodozi kisicho na jina la mtengenezaji, orodha ya viambato na tarehe ya mwisho wa matumizi hakipaswi kugusa uso wa mtoto, hata kama aliyekileta ni shangazi aliyetoka nacho safarini.

Kuna na tiba za jikoni. Dawa ya meno huunguza. Ndimu na limau ni mbaya zaidi, kwa sababu maji yake yakikutana na jua huweza kubabua ngozi na kuacha alama nyeusi zaidi ya zile ulizotaka kuziondoa. Magadi na majivu huchubua. Kuna mengine ya asubuhi ambayo siwezi kuyaandika kwenye ukurasa wa familia. Hayo nayo acheni.

Kinachosaidia, na muda wake

Kwa chunusi za kawaida, mahali pa kuanzia ni duka la dawa lenye mfamasia, na vitu vya kuanza navyo ni vichache.

Uso uoshwe mara mbili kwa siku, kwa maji na sabuni laini, kwa mikono, bila kusugua. Mara tano kwa siku ni kuikausha ngozi, na ngozi iliyokauka inawasha na kuvimba zaidi. Mafuta ya usoni yawe mepesi.

Kisha dawa. Ya kwanza ni benzoili peroksaidi, inayoua bakteria wa chunusi bila kuwafanya wawe sugu. Inapatikana kwa nguvu tofauti, na ile ya asilimia 2.5 au 5 hufanya kazi karibu sawa na ya asilimia 10 huku ikiunguza kidogo. Wanaonunua kubwa wakidhani ndiyo bora hununua maumivu.

Ya pili ni adapalini, dawa ya kupaka usiku inayozibua vitundu na kuzuia vipya visizibe. Kiasi cha punje ya njegere kinatosha uso mzima. Hapa wengi hukosea kwa kupaka juu ya chunusi inayoonekana tu. Kazi yake ni kuzuia zile ambazo bado hazijaonekana, kwa hiyo hupakwa eneo lote. Wiki za kwanza ngozi huwasha, hubabuka kidogo, na chunusi zinaweza kuonekana kuongezeka. Aanze kwa kupaka usiku mmoja na kuruka mmoja. Dawa hii haitumiki wakati wa ujauzito.

Kwa sisi wenye madoa ipo pia asidi ya azelaiki, ambayo husaidia chunusi na madoa kwa pamoja.

Sasa sehemu ngumu. Dawa hizi huchukua wiki 8 hadi 12 kuonyesha matokeo ya maana. Siyo siku 7. Wengi huacha wiki ya tatu, wakasema haifanyi kazi, wakahamia nyingine, nayo wakaiacha wiki ya tatu. Nilipomwambia mtoto wetu wiki 12, alihesabu kwa vidole akasema hiyo ni hadi shule ifunguliwe na mitihani ifike. Nikamwambia ndiyo.

Zikiwa nyingi, zenye usaha, au zimesambaa mgongoni, daktari anaweza kuongeza antibiotiki za kumeza, kama doksisaiklini. Hizi hazinunuliwi kwa kubahatisha. Hutolewa kwa miezi 3 au 4 tu, pamoja na dawa ya kupaka, ili bakteria wasiwe sugu. Humezwa na glasi nzima ya maji, na mtu asilale papo hapo, kwa sababu kidonge kikikwama kwenye koo la chakula kinaunguza. Hazipewi wajawazito wala watoto wadogo walio chini ya miaka 8.

Kwa mabonge makubwa yanayoacha makovu ipo isotretinoini, dawa yenye nguvu kuliko zote, iliyoanza kutumika Marekani mwaka 1982. Hupunguza tezi zenyewe za mafuta, na wengi wakimaliza dozi chunusi hazirudi. Lakini huharibu vibaya mtoto aliye tumboni. Msichana hawezi kupewa bila kupimwa ujauzito na bila uhakika wa kuzuia mimba kuanzia mwezi mmoja kabla, muda wote wa dawa, na mwezi mmoja baada ya kuacha. Hupimwa pia ini na mafuta ya damu. Nimesikia inauzwa kwa vidonge vya kuhesabu, mkononi. Kama kuna jambo moja kwenye makala hii la kumsomea binti yako kwa sauti, ni hilo.

Wapo wanaohitaji daktari mapema zaidi. Binti mwenye chunusi nyingi za taya na kidevu, hedhi inayoruka miezi, na nywele zinazoota kidevuni au kifuani, apimwe homoni, kwa sababu huenda ovari zake zina tatizo linaloweza kutibiwa. Mtoto wa miaka 1 hadi 6 mwenye chunusi halisi naye apelekwe, kwani huo si umri wake. Kichanga wa wiki mbili au tatu mwenye vipele mashavuni, mwache. Mwoshe kwa maji, usimkamue, usimpake kitu. Huondoka.

Madaktari bingwa wa ngozi si wengi nchini, na wengi wako mijini. Kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichopo KCMC kimekuwa kikifundisha tangu 1992, madaktari pamoja na matabibu wanaorudi kuhudumia wilayani, kwa hiyo uliza hospitali ya wilaya au ya mkoa kama wana kliniki ya ngozi na hufanyika siku gani kabla hujapanga safari ndefu.

Usimwambie “mbona uso umekuwa hivyo”

Mwaka 2018 watafiti waliopitia kumbukumbu za wagonjwa wa Uingereza walichapisha matokeo kwamba watu wenye chunusi walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kupata sonona, na hatari ilikuwa kubwa zaidi katika mwaka wa kwanza baada ya kugundulika na tatizo hilo. Uingereza ni mbali, lakini barakoa ya mtoto wetu ilisema jambo lilelile.

Kijana anayekwepa picha, anayeomba kuacha shule, anayefunika uso kwa nywele au mtandio hata akiwa nyumbani, anayekaa gizani, huyo ana jambo la kuzungumzwa. Akisema anatamani asingekuwepo, usisubiri wiki ya 12 ya dawa. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo.

Nyumbani kwetu tulikuwa na kosa letu. Kila mgeni aliyeingia alianza na uso wake. Mjomba alimwita “mkate wa ufuta” kwa utani, mtoto akacheka, sote tukacheka. Jioni ile nilimkuta bafuni akijisugua na jiwe la kusugulia miguu. Dada yangu alimwita kaka yetu pembeni akamweleza, naye, mtu mzima wa miaka 50, alienda akagonga mlango wa chumba cha mtoto na kuomba radhi. Sijawahi kumwona akifanya hivyo kwa mtu yeyote.

Tulianza kwa kuacha kikopo, chini ya uangalizi wa daktari, naye alituonya kwamba uso utaharibika kabla ya kupona. Uliharibika. Wiki ya kwanza na ya pili alivimba, ngozi ikawaka, akaniomba kikopo chake kwa machozi, na nakiri kwamba kama ningekuwa mama yake huenda ningempa. Dada yangu alikuwa amekitupa kwenye shimo la choo siku ileile tuliyotoka hospitali.

Sasa yuko wiki ya 11. Vipele vya mashavuni vimekauka, paji bado lina vichache, na madoa yapo, mengi, ingawa ya mwanzo yameanza kufifia pembeni. Shuleni anaruhusiwa kukaa na dawa zake baada ya dada kupeleka cheti cha daktari kwa matroni. Barakoa iko kwenye droo.

Wiki iliyopita dada alinipigia tena, akiwa na hasira za kweli. Matroni ametuma ujumbe kwamba taulo la bluu la mtoto na foronya zote mbili vimetoka mabaka meupe, na yeye alikuwa ameshagombana na muuza sabuni wa jirani kwa kumuuzia sabuni mbovu. Nikamwambia ni benzoili peroksaidi, huondoa rangi kwenye nguo, nilisahau kumwambia. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema nimtafutie taulo jeupe, na la muuza sabuni atajua mwenyewe.